Mugeni wa Nyumba ya Bungulu

Muanda, tarehe 17 mwezi wa tano 1998

Lusenge, mudogo wangu,

Nakusalimia wewe, Joyeuse na batoto, na Mama mbele ya wote. Mimi na Melchior tuko bazima. Binti yetu Élise alijifungua kule Kinshasa, mutoto mwanaume. Banasema paji la uso ni la babu yake. Babu anakubali.

Uliniuliza tunafanya nini siku nzima tangu Melchior alipata pension. Ile ni swali ya mutu wa Butembo, mwenye hajui kukaa bila kuuza kitu. Basi, sikiliza. Melchior anaamukaka mbele yangu, anaenda mpaka ku ukingo kuangalia kama udongo umeanguka tena. Bahari ya huku inakula inchi kidogo kidogo. Nyumba ya mwisho ya barabara yetu imebakia na nusu ya baraza, na mwenyewe angali anakaa pale anavuta tumbako. Melchior anarudi, anasema, "Leo haikukula kitu," kama vile anachunga ng'ombe ya mutu mwingine. Tunakunywa chai. Kisha Mama Mélanie, jirani yetu, muuza samaki, anapita na beseni ku kichwa, na sisi wawili tunabishana juu ya samaki mpaka Melchior anatuacha. Yeye anashuka kwa bavuvi kutengeneza mashine za mitumbwi. Miaka yote ya kazi alitengeneza mashine za kampani ya petroli, sasa anatengeneza bure na anapenda zaidi.

Siku ya Mungu, kisha misa, batu ba Mashariki tunakutana kwetu: Malachie, mwalimu, mutu wa Bukavu, na muzee mumoja wa Maniema na bibi yake. Tunakula bukari na tunasema Kiswahili mpaka jua inashuka. Mama Mélanie anasema siku ile nyumba yetu ni soko ya inchi ingine.

Sasa maneno ya nyumba yetu ya Bungulu kule Beni, yenye unatujengea. Ulisema imebakia mabati tu. Melchior alichagua Beni juu anaogopa baridi ya Butembo, kisha miaka hii yote ya joto. Mwambie Mama kwamba Noeli tutakula naye. Mimi nasema vile. Melchior naye anasema "tutarudi", lakini anaisema akiangalia bahari. Ile hapana mwambia Mama.

Yaya yako,
Florentine

*

Butembo, tarehe 9 mwezi wa saba 1998

Yaya Florentine,

Barua yako ilifika na ndege ya mission, tukaisomea Mama mara mbili. Huku sote tuko, hakuna mwenye analala ku kitanda. Kahawa haina bei, lakini misumari na mabati bado vinatoka mu duka langu, hatulie. Mtoto wa kwanza alipita sixième. Joyeuse anakusalimia na anauliza kama ni kweli ku bahari batu habapikii chumvi.

Nyumba iko na mabati. Nilisimama mwenyewe chini ya fundi siku zote, juu fundi wa Beni ukigeuka kidogo anaenda kunywa. Mutu mwenye alinisaidia sana ni jirani ya kiwanja, tata Cyrille, agronome ya Leta, ni kusema mutu wa mashamba wa serikali, sasa iko mu pension kama shemeji. Yeye ni mutu wa kwenu kule, wa Boma. Alitumwa Beni kijana, akabakia. Anakaa na bibi yake Julienne mu nyumba ya Leta karibu na bureau yake ya zamani. Alinionyesha fasi ya kuchimba mufereji juu maji ya mvua isiingie ndani. Nilimuambia yaya yangu, dada mukubwa, anakaa Muanda. Akauliza, "Banauza bado samaki chini ya ule ukingo?" Nilisema sijui. Andika unijibu, nimuambie.

Mama anasema Noeli ya mwaka gani? Anasema aliisikia ile neno mbele.

Kuja, yaya. Bahari haitaenda fasi.

Mudogo wako,
Lusenge

*

Butembo, tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1998

Yaya, shemeji Melchior,

Natumaini mungali pamoja. Tangu vita ilianza mwezi wa nane hatukupata neno lenu hata moja. Ndege ya mission haiji tena. Banasema inchi imekatwa: huku tuko na baasi na basoda ba Uganda, kule muko na serikali, na barua haina njia. Radio ilisema basoda ba upande wa baasi balishuka na ndege karibu na Muanda. Ilisema tena kwamba kule batu banafukuza benye kusema Kiswahili. Nilizima radio, juu Mama alikuwa anaingia.

Hii barua naipeleka mwenyewe Kasindi, ku mupaka. Kule nitaipa mufanyabiashara mumoja mwenye anaenda Kampala, yeye ataipa mupadri wa Nairobi, na mupadri ataona. Mukiwa bazima andikeni hata neno moja. Mukiwa hapana bazima, mutu mwingine aandike.

Huku tunaenda tu. Duka linafunguliwa, linafungwa. Mama anaombea.

Lusenge

*

Butembo, tarehe 14 mwezi wa tatu 1999

Yaya Florentine,

Asante kwa Mungu, na salamu kwa shemeji. Barua yako imefika. Joyeuse alilia, mimi nilifunga duka mbele ya saa, kitu chenye sijafanya hata siku ya kuoa.

Mais, yaya, juu ya nini Kifaransa? Tangu uliolewa haujaniandikia Kifaransa. Na ile Kifaransa ni ya bureau: "Nous nous portons bien. Melchior se repose. Prière de saluer la famille." Tuko bazima, Melchior anapumuzika, salimia jamaa, ndiyo yote. Ukurasa haukujaa. Niligeuza karatasi kutafuta upande wa pili.

Nilimusomea Mama kwa Kinande. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii ni barua ya musimamizi. Soma ya mutoto wangu." Nilimuambia ndiyo hii. Alikataa. Hapo nilitunga. Nilisema muko munakula samaki, na Melchior anaangalia udongo kila asubuhi. Akakubali.

"Se repose" maana yake nini? Anapumuzika kazi gani? Iko na pension.

Lusenge

*

Muanda, tarehe 5 mwezi wa nane 1999

Mudogo wangu Lusenge,

Salamu kwako na kwa nyumba yako yote. Barua hii inakuja mukononi mwa Sista mumoja mwenye anaenda Nairobi ku mukutano. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Ingine ilipita posta, na ku posta banafungua barua. Mutu mwenye kupokea ao kutuma barua ya Kiswahili hapa anaulizwa maswali. Zile zako za zamani nilizichoma zote. Usikasirike, nilizisoma tena mbele ya kuchoma.

Tuko bazima. Mjukuu anatembea. Mwaka huu samaki ni mingi, na bahari ilikula ile baraza yote, mwenyewe alihamia kwa binti yake. Mama Mélanie anapita kila siku, habishani tena na mimi juu ya bei, ananiwekea tu samaki ku meza. Hiyo inaniudhi kidogo.

Siku ya Mungu tunarudi mu misa, tunafunga mulango, tunalala. Bale ba Maniema balitoka kwenda Kinshasa. Juu ya Malachie hapana niulize.

Melchior anapumuzika, vile niliandika. Haendi tena kwa bavuvi. Anakaa mu kiti. Mu nyumba tunasema Lingala sasa, yeye anataka vile. Mutu anazoea. Siku moja nilisikia naota kwa Lingala.

Mwambie Mama zile ulitunga ni kweli.

Na nyumba ya Bungulu, iko namna gani? Naifikiria sana kupita vile nilikuwaka naifikiria. Nyumba yenye hakuna mutu aliingia ndani bado. Nafunga macho natembea mu vyumba.

Yaya yako,
Florentine

*

Butembo, tarehe 30 mwezi wa kwanza 2000

Yaya,

Heri ya mwaka kwako na kwa shemeji. Hapa miguu ya Mama inavimba, lakini kinywa iko muzima. Tulipata binti mwingine, tukamuita Florentine, Joyeuse ndiye alitaka. Duka linaenda. Mara basoda banafunga njia ya Kasindi, mara bapiganaji Mai-Mai banakuja karibu na muji na tunasikia risasi tukila. Kisha kesho yake soko inajaa kama kawaida. Mugeni akituona atasema hatuna akili.

Umeniuliza juu ya nyumba. Nyumba iko. Mabati hayavuje. Kuna mwenye anaifagia na kuichunga, hapana ogopa, juu nyumba tupu siku hizi mukubwa wa jeshi anaweza kuiona na kuipenda. Miti yenye ilipandwa mu kiwanja imeshika.

Haukusema shemeji ana ugonjwa gani. Sitakulazimisha.

Lusenge

*

Muanda, tarehe 11 mwezi wa sita 2001

Lusenge,

Nawasalimia. Nitasema mara moja, usinikasirikie kama sikuulizia batoto.

Sista alienda tena Nairobi, sasa amerudi. Kule alionana na basista ba Beni. Akaja kunisalimia, anacheka, anafurahi, juu yeye ni muzaliwa wa Boma. Akasema, "Mama Florentine, unajua mutu wa kwetu ndiye anakaa mu nyumba yako ya Beni? Cyrille, agronome ya Leta!" Nilimupa kiti. Nilimupa chai. Sijui nilijibu nini.

"Kuna mwenye anaifagia." Ulishindwa hata kuandika jina.

Sasa mimi nitaandika chenye sikuandika, juu ujue umeweka nani mu nyumba yangu.

Bale basoda benye balishuka na ndege balipita mu muji wetu. Mumoja alikuja ku mulango, kijana, midomo imepasuka, akaomba maji. Aliomba kwa Kiswahili. Melchior alimupa maji na akamuuliza, "Unatoka wapi, mutoto?" Ndiyo yote. Kijana alikunywa, akasema asante baba, akaenda. Batu balikuwa banaangalia.

Bale basoda balipofukuzwa, batu balitukujia. Hapana basoda, Lusenge. Batu ba barabara yetu, na kati yabo mumoja mwenye Melchior alimufundisha mashine mpaka akapata kazi ku kampani. Huyo ndiye alisema, "Wewe ulisema nao kwa luga yabo." Balimukokota mpaka fasi yenye bavuvi banavuta mitumbwi, bakamupiga na makasia. Mimi nilishikwa na banamuke wawili benye nilisali nabo. Kila Melchior akisema neno, Kiswahili kinatoka, juu mutu anayepigwa haichague luga. Na kila neno la Kiswahili balizidi kupiga.

Mama Mélanie alitoka ku soko na beseni yake. Alitupa samaki zote chini, akalala juu ya Melchior. Alikuwa analia kwa nguvu kwamba huyu ni parrain, baba ya ubatizo, ya mutoto wake, bamuue yeye kwanza. Balimuvuta, hakuachia. Kisha mukubwa mumoja kati yabo akasema inatosha. Tulijificha mu nyumba yake ya kukaushia samaki, mu moshi, mpaka mambo ilitulia. Malachie hakukuwa na mutu wa kulala juu yake. Balimukamata siku ile ile na hajaonekana.

Sikio la kushoto la Melchior halisikii tena. Muguu unatembea vibaya. Kiswahili hajasema tena tangu siku ile, hata na mimi, hata mu giza.

Sasa wewe unachukua mutu wa kule, unamupa kitanda mu nyumba yenye nilikuwa nafunga macho kutembea ndani. Mutoe.

Florentine

*

Butembo, tarehe 2 mwezi wa kumi 2001

Yaya Florentine, shemeji Melchior,

Ninawasalimia nikisimama. Sikutaka kumusomea Mama yote. Nilimusomea mpaka fasi ya maji, kisha nikakunja karatasi, na akasema, "Endelea." Donc amesikia yote.

Nitakuambia namna ilikuwa, bila kuongeza.

Mwaka ule wa kwanza wa vita, nilikuwa narudi kutoka Kasindi, mvua inanyesha. Pale Beni nikaona kitanda, meza na masufuria ku kando ya njia. Mukubwa mumoja wa jeshi alitaka nyumba ya Leta, akatoa Cyrille na bibi yake mule. Mama Julienne alikuwa anakaa ku godoro, amejifunika na plastiki, anachambua maharagi. Maharagi, yaya, mu mvua. Batu banapita banaangalia pembeni. Aliniona akasema, "Lusenge, funguo ya Bungulu iko mu mufuko?" Hakuomba. Aliuliza tu. Ilikuwa mu mufuko.

Nilisema ni ya siku kidogo. Kisha balikuja kumukamata Cyrille, juu alisikiliza radio ya Kinshasa na ni mutu wa upande ule. Nilienda ku bureau yabo. Mukubwa akaniuliza, "Huyu ni nani yako?"

"Baba mukwe wangu."

"Wewe Munande, baba mukwe wako mutu wa Boma?"

"Nilioa mbali," nikasema.

Alicheka, na vile alicheka alimuachia. Joyeuse mpaka leo ananiita mukwe wa Boma.

Mama Julienne alikufa mwaka jana, malaria. Alizikwa Beni. Tangu hapo Cyrille haombi kitu, hata njia ya kurudi kwao haombi tena. Anafagia nyumba, anaenda ku kaburi, anarudi. Analala mu chumba cha nyuma, chumba chenu kikubwa hajaingia hata kuweka kiti.

Sikuandika jina juu niliona ni nyumba yako na sikukuomba ruhusa, na ningeombaje. Sikujua shemeji alipigwa. Kama ningejua, sijui kama ningetoa funguo. Nilijiuliza sana na hata sasa sijui.

Sasa sema. Ukisema tena nimutoe, nitamutoa, nitamuleta kwangu Bulengera, chumba kitapatikana. Nyumba ni yenu.

Mama anauliza kitu kimoja tu: ule mwanamuke wa samaki, jina lake la ubatizo ni Mélanie, ao banamuitaka vile tu? Anataka kumutaja vizuri mu misa.

Lusenge

*

Muanda, tarehe 19 mwezi wa nane 2003

Mudogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Tumesikia vita vilifika karibu na Beni na batu balikimbia kutoka Mambasa. Tumesikia tena kwamba sasa inchi imeungana na bale wakubwa banakaa meza moja Kinshasa. Élise anasema ndege imeanza kwenda Beni.

Barua yako niliisoma, nikaificha chini ya godoro. Nilikaa nayo hivyo sana, na sikukujibu, unajua. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinisaidia kuamuka asubuhi. Kisha siku moja nikasafisha chumba, nikatoka, nikarudi, nikamukuta Melchior nayo mukononi, miwani ku pua. Alikuwa amefika mwisho. Nikangojea. Alisema, "Bolongola ye te." Hapana mumutoe. Akanirudishia karatasi.

Niliumia, nitakuambia ukweli. Mwenye alipigwa ni yeye, na mimi nilifikiri ninakasirikia batu kwa ajili yake.

Tutakuja. Élise atalipa ndege. Tunataka kuona Mama angali na kinywa. Cyrille abakie fasi yake. Mais sikuahidi kumusalimia.

Mwambie Mama: ni Mélanie ya ubatizo.

Florentine

*

Muanda, tarehe 9 mwezi wa pili 2004

Lusenge, mudogo wangu mupenzi,

Tulifika salama. Ndege ilitikisika sana, na muzee mumoja ku kiti cha mbele alisali rozari kwa sauti mpaka tukashuka. Élise alitupokea. Tulilala kwake, kisha tukachukua gari mpaka huku. Nakushukuru wewe na Joyeuse kwa siku zile zote, na kwa viazi, vilioza kidogo tu. Mtoto mwenye jina langu, mupige busu. Mama, nilimuacha nikijua ni mara ya mwisho, na yeye alijua.

Nitakuandikia chenye kilipita Bungulu wakati ulienda Kasindi kuchukua mabati, juu nilirudi bila kukuambia.

Wewe uliona vile tulifika. Melchior akisalimiwa kwa Kiswahili anatingisha kichwa. Mama alimusemesha Kinande, akamushika mikono tu. Batu balifikiri ni sikio. Cyrille alikuwa anaamuka mapema siku zote, anatuwekea maji ya moto ku mulango, anarudi mu chumba chake cha nyuma bila kupita mbele yetu. Nilikuwa nachukua ile maji na kufunga mulango. Mara moja tulikutana mu korido, akasogea ku ukuta kunipisha, na mimi nikapita.

Siku ile mashine ya kusaga ya jirani ilikataa kuwaka. Cyrille alienda kusaidia. Mutu wa mashamba, anajua nini juu ya mashine? Alizungusha, alizungusha, ikawaka vibaya, moshi mweusi ikajaa mu kiwanja chetu, na kitu ndani kinagonga. Melchior alikuwa mu kiti ku baraza. Nilimuona anageuza sikio lake la kulia. Kisha akasimama kabisa na ule muguu wake, akapiga kelele:

"Zima! Zima hiyo, utaipasua!"

Kwa Kiswahili, Lusenge.

Cyrille hakujua kwamba ni kitu. Alijibu tu vile mutu mwenye jasho anajibu: "Kuja basi uizime mwenyewe, muzee!"

Melchior alienda. Nilibakia nyuma ya mulango, nimeshika kijiko. Balifungua mashine yote, bakaiweka vipande vipande ku gunia. Bakabishana. "Hii imekufa." "Haikufa, iko chafu." "Wewe ulisoma miti." "Na wewe ulisoma chumvi ya bahari." Batu wazee wawili, mafuta mpaka ku kiwiko. Chakula kikapoa. Mashine ilipowaka vizuri, mwenye mashine alipiga vigelegele, na bale wawili habakumuangalia hata.

Nilibaletea maji na sabuni. Nilimwagia Melchior mikono. Kisha nikamwagia Cyrille. Nikasema, "Jambo, tata Cyrille." Tulikuwa tayari na siku mingi mu nyumba moja. Akajibu, "Jambo, mama," akaendelea kusugua vidole.

Baadaye alinipeleka ku kaburi ya Julienne. Nilienda. Njiani aliniuliza juu ya soko ya samaki chini ya ukingo, na nilimuambia ile fasi ilianguka mu bahari, sasa banauzia juu, karibu na kanisa. Alifikiri kidogo, akasema basi hakuna kitu cha kwenda kuona. Hakuwa na huzuni. Alisema tu.

Unajua nilimuambia Melchior tubakie. Nyumba iko, Mama iko, luga iko. Alinijibu kwa Kiswahili, kidogo kidogo, kama mutu mwenye anajaribu muguu chini: "Nikibakia huku, batasema balinifukuza." Na mimi pia, mudogo wangu, ule baridi ya asubuhi ya Butembo ulikuwa unaniingia mu mifupa, na nilikuwa nangojea samaki ya Mélanie.

Nyumba mwachie Cyrille mpaka siku zake. Hapana andika karatasi, sema tu, yeye atasikia. Chumba kikubwa aingie. Tukija tena tutalala mu cha nyuma, sisi ndio bageni.

Yule mwenye Melchior alimufundisha mashine angali anapita mu barabara yetu. Melchior anamuangalia mpaka anapita. Habasalimiani. Sijui kama siku moja basalimiane, na sitaomba ile.

Mélanie alifurahi na kitenge. Bei ya samaki alinipandishia siku ile ile, tukagombana vizuri.

Jana asubuhi nilikuwa ndani. Melchior alikuwa nje ku baraza, batu banaenda ku misa, barabara imejaa. Akaniita kwa sauti: "Florentine! Niletee chai!" Kwa Kiswahili, vile nakuandikia hapa.

Nikamuletea.

Yaya yako,
Florentine